Namba Sahihi ya Mama Siwema

Katika nchi moja ambayo sitaitaja jina, kwa sababu limekwisha badilishwa mara tatu na la nne bado liko kwa mchapaji, ilitoka amri kwamba kila raia afanyaye kazi akate bima ya maisha. Amri ilisomwa redioni asubuhi, baada ya tarumbeta na kabla ya bei ya vitunguu. Ilisema raia yuko huru kabisa kuchagua bima yake idumu miaka mingapi: mitano, kumi, thelathini, apendavyo mwenyewe. Akifa ndani ya miaka hiyo, watu wake watalipwa. Akifa baada ya hapo, watapewa pole. Sharti lilikuwa moja tu, kwamba achague namba sahihi. Atakayechagua namba isiyo sahihi atahesabiwa kuwa ameudharau uhuru aliopewa. Mwisho wa kujaza fomu ulikuwa Ijumaa.

Mwantumu binti Shegoha aliisikia amri hiyo akiwa ananing'inia nje ya ghorofa ya kumi na nne, ndoo ya sabuni kiunoni, maana redio ya ofisi ile ilikuwa na sauti kubwa. Alikuwa mwosha madirisha wa Jumba la Bima la Taifa, jengo refu kuliko yote nchini, lililofunikwa vioo toka chini hadi juu ili, kama ilivyotamkwa siku ya ufunguzi, wananchi wauone uwazi wa serikali yao. Kila kioo kilikuwa na pazia zito kwa ndani.

Miaka tisa aliosha vioo hivyo pamoja na Mzee Ngwali, mtu mpole aliyekuwa akiimba kasida akiwa angani. Ngwali alikuwa na bima ya miaka kumi, aliyokata zamani wakati mpango wa bima ulipokuwa katika majaribio. Bima ikaisha Jumanne. Alhamisi kamba yake ikakatika kwenye ghorofa ya tisa. Taasisi ya Bima haikumsahau. Ilimpelekea mjane wake shada la maua na barua nzuri yenye muhuri wa dhahabu, ikimpongeza marehemu kwa kuumaliza mkataba wake salama salimini.

Tangu siku ile Mwantumu hakutulia. Alifunga fundo la kamba mara tatu, akalifungua, akalifunga tena. Akisonga ugali, mwiko ulisimama katikati ya sufuria huku midomo yake ikihesabu. Akiosha kioo, aliosha na kile alichokwisha kukiosha. Na amri ilipotoka, ule wasiwasi uliokuwa ukimzungukazunguka kama nzi ukapata mahali pa kutua.

"Baba Siwema," alimwambia mumewe asubuhi iliyofuata, "unadhani miaka mingapi?"

"Ya nini?"

"Ya mimi kufa."

Zuberi, fundi wa baiskeli, mtu wa maneno machache na mikono myeusi kwa grisi, alikiweka kikombe chini. "Mama Siwema! Unajichuria asubuhi yote hii, hata uji haujapoa!"

"Sijichurii. Nataka kujua nikifa ndani ya miaka mingapi mtateseka, na baada ya mingapi hamtateseka."

"Ukifa wakati wowote tutateseka."

Lilikuwa jibu zuri la mume, lakini halikuwa na mahali pa kuandikwa kwenye fomu.

"Basi chukua mitano," Zuberi akasema. "Ndiyo rahisi."

"Ngwali naye alichukua ya rahisi."

Hapo Zuberi akaurudia uji wake. Siwema, binti yao wa pekee, miaka sita, aliyekuwa akivaa viatu vya shule mguu huu kwenye ule, akainua kichwa. "Mama, kwani mimi nitakuwa mkubwa lini?"

"Hilo ndilo nakwenda kuuliza mjini, mwanangu," Mwantumu akajibu, akambadilishia viatu.

Siku hiyo, Jumatano, aliingia Jumba la Bima kwa mlango kwa mara ya kwanza. Bawabu alimsimamisha, maana alikuwa akimjua nyayo tu. Ukutani palibandikwa maneno makubwa: CHAGUA KWA UHURU. USIKOSEE. Foleni ilizunguka ukumbi mara mbili, na watu ndani yake walikuwa wakinong'onezana namba kama wanaonong'onezana habari za ugonjwa. Saa sita na nusu alifika mbele ya Bwana Shibe, Mshauri wa Urefu, mtu mnene wa tabasamu jembamba.

"Mama, tegemezi wako ana miaka mingapi?"

"Sita, bwana."

"Atajitegemea akifika mingapi?"

"Kumi na minane. Si ndiyo sheria?"

Bwana Shibe alimtazama kwa huruma. "Hiyo ni sheria ya mwaka jana. Wizara ya Vijana imeongeza utoto. Sasa mtu ni mtoto mpaka thelathini na mitano."

"Kisa?"

"Vijana wasio na ajira walikuwa wengi mno, mama. Leo hayupo hata mmoja. Wote ni watoto, na mtoto haruhusiwi kuajiriwa."

Mwantumu akapiga hesabu kwa vidole. "Basi niandikie ishirini na tisa."

Bwana Shibe akatazama mlangoni, akashusha sauti. "Una miaka thelathini na sita. Ongeza ishirini na tisa, ni sitini na mitano. Takwimu za Taifa zinasema mwanamke wa nchi hii huishi hamsini na minane. Utakuwa umeishi miaka saba isiyokuwemo kwenye mpango."

"Haya, nife hamsini na minane. Ishirini na miwili."

"Hapo utakuwa umesema Mheshimiwa Rais hakuleta maendeleo yoyote ya afya."

"Kumi na miwili basi, mtoto afike kumi na minane yake ya zamani!"

"Hapo unaipinga Wizara ya Vijana. Watu wamelala ndani kwa madogo kuliko hayo."

Nyuma ya Mwantumu foleni ilianza kuguna. Jasho lilimtoka, yeye ambaye upepo wa ghorofa ya ishirini haujawahi kumtoa jasho. "Sasa bwana wee, hiyo namba sahihi ni ipi?"

"Ipo."

"Ngapi?"

"Ni siri ya serikali." Bwana Shibe akanyoosha tai yake. "Kamati ya Taifa ya Urefu inakaa ghorofa ya ishirini na moja, wiki ya tisa sasa, inaitafuta. Ikiipata itaitunza vizuri. Raia anachotakiwa ni kuichagua tu. Mwingine!"

Mwantumu alikaa kwenye benchi la ukumbini na fomu yake mapajani. Palikuwa na vyumba viwili vya kujaza miaka, vidogo kama meno ya mtoto. Alivitazama mpaka macho yakamwuma, kisha hasira ikamsaidia kufikiri. Siwema ana sita. Akimaliza shule na chuo atakuwa na ishirini na miwili, hiyo ni miaka kumi na sita. Mwaka mmoja wa kurudia darasa, maana alikuwa mwepesi wa kusahau kama baba yake. Miaka miwili ya kutafuta kazi, serikali iseme isemavyo. Na mwaka mmoja wa ziada, kwa sababu binadamu hujikwaa hata mahali palipofagiliwa. Akaandika mbili, akaandika sifuri. Karani wa dirisha la mwisho akagonga muhuri na tarehe bila kusoma, akiwa anakula kisamvu.

Alhamisi umeme ukakatika mji mzima, na Jumba la Bima, kwa kuwa ni la vioo, likawaka joto kama tanuri la mikate. Mapazia yakafunguliwa. Madirisha yakafunguliwa. Mwantumu aliteremka na kamba yake mpaka ghorofa ya ishirini na moja, akajikuta uso kwa uso na Kamati ya Taifa ya Urefu.

Walikuwa watu saba kuzunguka meza ndefu. Wawili walikuwa wamelala. Mmoja alikuwa akijipepea na ripoti ya awali. Mwenyekiti, Mheshimiwa Dondola, alikuwa amesimama, amevua koti, anahutubia.

"...na tusisahau, ndugu wajumbe, kwamba urefu si ufupi! Taifa lisilojua urefu wake ni sawa na suruali isiyojua mwenyewe!" Akageuka, akamwona mwanamke angani. Hakushtuka. Miaka mingi kwenye siasa ilikuwa imemzoesha kuona watu wakining'inia. "Wewe mama! Wewe ni mwananchi?"

"Ndiyo, mheshimiwa."

"Wa kawaida?"

"Sana, mheshimiwa."

"Bahati iliyoje! Kanuni inatutaka tusikilize sauti ya wananchi, na tulikuwa hatujui tuipate wapi." Akaivuta ndoo ya Mwantumu karibu na kizingiti, kwa heshima, kama anayemkaribisha mgeni kiti. "Hebu iambie Kamati. Kama ingekuwa wewe, ungechagua miaka mingapi?"

Mwantumu alishika kizingiti. Chini yake, mbali sana, watu walikuwa wadogo kama punje za mtama. Alijua kwamba afadhali anyamaze. Lakini wiki nzima hakuna mtu aliyemwuliza swali lile kwa sababu ya kutaka jibu, na jibu likamtoka lenyewe.

"Mimi sikuanza na miaka, mheshimiwa. Nilianza na mtoto." Akawaeleza: sita ya Siwema, shule, chuo, kurudia darasa, kutafuta kazi, kujikwaa. "Ikaja ishirini. Nataka tu mwanangu afike mahali ambapo kamba yangu ikikatika, yake haikatiki."

Kimya kiliingia. Wale wawili waliolala waliamka kwa sababu ya kimya. Mjumbe wa kike pembeni alijifuta jicho kwa ncha ya mtandio, halafu akatazama huku na huku asije akaonekana.

"Ishirini," alinong'ona Mheshimiwa Dondola. "Namba nzima. Haina mabaki." Akapiga meza. "Ndugu wajumbe, tumeipata!"

"Mheshimiwa," Mwantumu akapaza sauti, "hiyo ni yangu mimi! Mwenye mtoto wa miaka kumi na mitano..." Lakini umeme ulikuwa umerudi, na dirisha lilikwisha fungwa.

Ijumaa, baada ya tarumbeta, redio ilitangaza kwamba baada ya utafiti wa kina uliotumia wiki tisa na wataalamu saba, namba sahihi kwa kila raia ni ishirini. Waliokwisha kuandika nyingine wapewe siku saba za kujirekebisha.

Mtaani kwao, ambako habari za Mwantumu na Kamati zilikwisha kuenea, kukawa na kizaazaa. Bibi Mtumwa, muuza karanga wa miaka themanini na mmoja, alikuja kwa Mwantumu akilia kwamba serikali imemwamuru afike mia moja na mmoja na magoti yake hayawezi. Bwana harusi mmoja alitaka kujua kama na ndoa nayo ni ishirini. Fundi cherehani mwenye watoto wachanga pacha alisema ishirini ni nzuri, ila mkewe ni mjamzito tena. Mwantumu aliwakalisha mmoja mmoja kwenye ndoo iliyopinduliwa mbele ya karakana ya Zuberi.

"Bibi, una nani anayekutegemea?"

"Mjukuu. Anamaliza ufundi mwaka kesho kutwa."

"Basi andika ishirini, lipa miwili, mitatu, kisha acha. Amri inasema uandike ishirini. Haijasema ulipe ishirini."

Bibi Mtumwa akacheka mpaka meno yake mawili yakaonekana. Fundi cherehani naye aliambiwa akate moja leo na nyingine mtoto akizaliwa, maana hakuna mahali palipoandikwa kwamba mtu ana maisha mamoja tu. Mpaka jioni Zuberi alikuwa hana nafasi ya kuegesha baiskeli. Hakulalamika. Alichukua ndoo ya pili akaipindua kwa ajili ya wanaosubiri.

Lakini Jumatatu akaja askari na karatasi ya wito. Fomu ya Mwantumu binti Shegoha ilikuwa na muhuri wa Jumatano. Namba sahihi ilipatikana Alhamisi. Kwa hiyo mtuhumiwa aliijua siri ya serikali siku moja kabla ya serikali.

Inspekta Chilumba alikuwa mrefu, mkavu, na mezani kwake palikuwa na faili moja tu, limefungwa kwa utepe mwekundu. Mwantumu aliketi ukingoni mwa kiti, vidole vikitafuta fundo la kamba ambayo hakuivaa.

"Nani alikupa hii namba?"

"Hakuna, afande. Niliihesabu."

"Watu saba wenye shahada wameitafuta wiki tisa. Wewe uliihesabu."

"Kwa vidole, afande."

"Ulichungulia dirishani."

"Afande, kazi yangu ni madirisha. Lakini Jumatano mapazia yalikuwa yamefungwa."

"Hesabu tena. Hapa, mbele yangu."

Akahesabu tena, kidole kwa kidole. Inspekta aliandika, halafu akaacha kuandika. Aliinuka akafunga mlango. Mwantumu alijua kwamba ofisi za namna hii zikifungwa mlango mambo hubadilika, akaanza kuisoma shahada kimoyomoyo.

Inspekta alirudi, akatoa fomu kutoka mfuko wa ndani wa koti. Ilikuwa imekunjwa mara nyingi, na vyumba vyake viwili vilikuwa vitupu.

"Na mimi je?" aliuliza. Sauti ilikuwa nyingine kabisa. "Nina mmoja. Anaitwa Kezia."

"Ana umri gani, afande?"

"Kumi na tisa."

"Basi huyu si tabu. Miaka mitano, sita..."

"Ngoja." Inspekta alitazama kalamu yake. "Alizaliwa kwa shida. Mwili umekua, akili haikukua. Mama yake hayupo. Asubuhi mimi ndiye ninayemfunga kamba za viatu. Hiyo ishirini yao ikiisha, atakuwa na thelathini na tisa, na viatu vitakuwa vinasubiri kufungwa. Nihesabie, mama. Huyu anakuwa mkubwa lini?"

Mwantumu alikunja vidole, akavikunjua. Kwa mara ya kwanza tangu Mzee Ngwali aanguke, hakuwa na namba.

"Afande," akasema mwishowe, "kwako wewe haitakiwi miaka. Inatakiwa bima isiyo na mwisho."

"Ipo?"

"Labda nchi nyingine. Kwenye fomu hii vipo vyumba viwili."

"Basi?"

"Basi vijaze kadiri vinavyojaa."

Inspekta alielewa. Mkono wake ulikuwa umekwisha kutia saini vifungo vingi. Akaandika tisa. Akaandika tisa nyingine.

"Hili ni kosa," alisema.

"Ndiyo, afande."

"Na wa kunikamata ni mimi."

"Ndiyo, afande."

Alilifungua faili la Mwantumu, akaandika mstari mmoja, akauonyesha: *Uchunguzi umethibitisha kwamba wakati wote mtuhumiwa alikuwa nje.* Kisha akamfungulia mlango mwenyewe.

Karani wa kisamvu aligonga muhuri. Baada ya mwezi, mashine ya kuhesabu fomu iliikuta ile tisini na tisa, ikasimama, ikawaka taa nyekundu. Wakubwa walikutana kwa hofu. Kumwadhibu Inspekta kungekuwa kukiri kwamba polisi haikuitii namba sahihi. Mheshimiwa Dondola ndiye aliyewaokoa. Alisimama akauliza: mtu wa miaka hamsini na mmoja anayetegemea kuwa chini ya serikali hii kwa miaka tisini na tisa mingine, huyo ni mhalifu, au ni raia mwenye imani kuliko wote waliopata kuzaliwa?

Ikaandaliwa sherehe. Uwanja ukapambwa, shule zikafungwa, bendi ya shaba ikaletwa. Mwantumu alikwenda na Siwema mabegani na Zuberi pembeni. Katika safu ya mbele, kando ya wake wa mawaziri, alimwona msichana mkubwa aliyevaa gauni la njano, anapiga makofi kwa kila kitu: hotuba, mwavuli, ndege aliyepita. Viatu vyake vilikuwa vimefungwa vizuri, mafundo mawili mawili.

Mheshimiwa Dondola alihutubia kwa saa moja na nusu kuhusu urefu. Kisha akamvisha Inspekta Nishani ya Imani, akamsogezea kipaza sauti. "Liambie taifa, ndugu Chilumba! Ni nini kilichokufanya uandike tisini na tisa?"

Inspekta alikuwa amepewa karatasi ya kusoma. Aliitazama. Akamtazama Kezia, aliyempungia mikono yote miwili.

"Ninaogopa," alisema.

Kipaza sauti kilikuwa kizuri, cha kuagizwa. Neno lilifika mpaka kwenye miti ya uwanja. Makofi yaliyokuwa yameandaliwa hayakujua yaanze wapi. Mwantumu alihisi miguu ya Siwema ikimbana mabega, na alipotaka kumeza mate, aligundua kwamba ametoa sauti.

"Hata mimi," alikuwa amesema.

Bibi Mtumwa, nyuma yake na kapu la karanga, akasema, "Hata mimi." Fundi cherehani akasema. Zuberi, mtu wa maneno machache, akayasema hayo mawili. Likaenda safu kwa safu, si kelele, ni kama watu wanavyoitikia msibani, mpaka likafika jukwaani, na mjumbe mmoja wa kike wa Kamati akaonekana midomo yake inatikisika. Bendi ikaamriwa ipige, upesi, wimbo wowote. Ikapiga, ila bila tarumbeta ya kwanza, maana mpigaji wake alikuwa ameishusha kifuani na alikuwa anaongea.

Kesho yake gazeti la serikali lilitoa habari hiyo ukurasa wa kwanza, na picha, na kichwa cha habari kwa herufi nyekundu: INSPEKTA ALIAMBIA TAIFA: "NINAONGOZA." Umati wote, liliongeza gazeti, uliitikia kwa furaha kwamba nao pia.